Kupeleka familia kwenye bustani kubwa ya burudani kwa bajeti ndogo: anza na futi kamba, tiketi baadaye

Baba wa Watatu (mleta uzi):

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auweke alama arudi jioni akiwa ametulia.

Tumeshafanya safari mbili za aina hii na watoto watatu. Ya kwanza ilitumaliza. Ya pili, mwaka mmoja baadaye, ilitugharimu kama theluthi mbili ya ile ya kwanza na watoto wakarudi na furaha ambayo mpaka leo wanaisimulia. Hatukupata punguzo lolote la ajabu. Tulichobadilisha ni mahali pa kuanzia: badala ya kuanza na bei za tiketi, tulianza kwa kuwapima watoto urefu.

Niwaeleze ilivyokuwa. Mwanangu wa kati alikuwa na miaka 6. Kwa miezi minne alikuwa analala na kuamka akiitaja rola kosta (treni ya burudani inayopanda na kuporomoka kwa kasi) moja tu aliyoiona kwenye video. Tulipofika, langoni pake palikuwa na ubao wenye umbo la mnyama aliyenyoosha mkono. Kichwa cha mtoto kikigusa ule mkono, anapita. Kijana aliyesimama pale akamtupia jicho, mtoto kavaa kofia na viatu vya soli nene, akampitisha. Tukapanga foleni dakika 70. Tulipobakiza kama watu wanane kufika kwenye vigari, dada mmoja akachukua fimbo yenye alama, akamwomba avue kofia, akamsimamisha wima. Kati ya utosi wake na ile alama palibaki nafasi ya kidole changu kimoja. Dada akapiga goti akamweleza mwenyewe, kwa upole kabisa. Mtoto hakulia pale. Alilia tulipokwisha shuka chini, amekaa ukingoni mwa maua, kiatu kimoja kakivua, anaitazama soli yake.

Yule dada alifanya kazi yake sawasawa. Kipimo kile hakikuwekwa kwa ubaguzi. Vyuma vinavyombana abiria vimetengenezwa kwa mwili wa ukubwa fulani, na mtoto aliye chini ya hapo anaweza kuchomoka kigari kinapopinda au kushuka ghafla. Kosa lilikuwa langu. Nilimlipia tiketi, nikamlipia safari, nikampandisha matumaini, na kwa miezi minne yote sikuwahi kumsimamisha ukutani nikampima. Vipimo vyote vipo wazi kwenye tovuti za bustani hizi, chini ya jina la kila mchezo.

Na msidhani mkijua kimoja mmejua vyote. Chukua Space Mountain, mchezo maarufu wa Disney. Kule Disneyland ya California kipimo ni sm 102. Magic Kingdom, bustani ya Disney ya Florida, ni sm 112. Disneyland ya Paris, ambako unaitwa Hyperspace Mountain, ni sm 120. Kwa macho ya mtoto mlima ni uleule, lakini mwenye sm 110 atapanda California, na Florida na Paris atabaki chini akishika mkoba. Mzazi akilijua hili mapema, linaweza hata kumbadilishia bara la kwenda.

Kwa hiyo safari ya pili tulifanya hivi. Jioni moja niliwasimamisha wote ukutani, bila viatu, kisigino kimegusa ukuta, kitabu kimelala juu ya kichwa. Mkubwa wa miaka 9 alikuwa na sm 134, wa kati 117, mdogo wa miaka 3 alikuwa 95. Nikaandika namba tatu kwenye karatasi. Kisha nikafungua tovuti za bustani moja baada ya nyingine, na kwa kila mchezo nikajiuliza nani kati ya hawa watatu ataupanda. Bustani ambayo mdogo angebaki na michezo miwili tu, nikaifuta. Bustani ambayo mkubwa angechoka ndani ya saa mbili, nikaifuta pia.

Iliyobaki juu ilikuwa Efteling ya Uholanzi. Ilianza mwaka 1952 kwa msitu wa hadithi, Sprookjesbos, na msitu huo bado upo. Unatembea kwa miguu, mtu wa urefu wowote anaingia. Droomvlucht, safari ya vigari vinavyoning'inia katikati ya majumba na viumbe vya ndotoni, haina kipimo. Rola kosta zake ndizo zenye vipimo: Max & Moritz ni sm 100, Joris en de Draak ni sm 110, Python sm 120, Baron 1898 ni sm 132. Zitazameni hizo namba mkilinganisha na wanangu: mkubwa anapanda zote, wa kati anapata mbili, mdogo ana msitu mzima wa kwake. Na mtoto aliye chini ya miaka 4 hakatiwi tiketi pale, kwa hiyo wa mwisho aliingia bure.

Wa kati nilimwambia tukiwa bado nyumbani: Python hutapanda, umepungukiwa sm 3, lakini kuna Joris en de Draak, treni mbili zinazoshindana kwenye reli za mbao, moja ya moto na moja ya maji, hizo ni zako. Akapanda ile ya maji mara tano. Python alipita akaipungia mkono.

Halafu mdogo. Ndani ya bustani ile kuna mapipa ya taka yenye umbo la mtu mnene mwenye mdomo wazi, anaitwa Holle Bolle Gijs. Anaita "karatasi hapa", ukisogeza karatasi mdomoni anaivuta kwa upepo, kisha anashukuru. Binti yangu alikaa kwenye pipa moja karibu nusu saa, anaokota vikaratasi, anakimbia, analisha, anacheka, anarudi kutafuta vingine. Mama yake akachana karatasi yetu ya ratiba vipande vipande apate vya kumpa. Huo ndio mchezo anaoukumbuka mpaka leo, na hauna foleni wala nyongeza ya tiketi.

Sasa fedha. Safari ya kwanza tulikata tiketi za siku tatu mfululizo kwa sababu bei ya kila siku hushuka ukinunua siku nyingi. Ni kweli hushuka. Lakini siku ya tatu watoto walikuwa wameisha. Mkubwa alilala kwenye benchi saa tano asubuhi, mdogo akagoma kutoka kwenye kigari chake cha kusukumwa, na mimi nikawa nawasukuma tu kwa kuwa nimeshalipa. Punguzo la siku usiyoweza kuitumia ni hasara. Safari ya pili tulichukua siku mbili zenye siku ya mapumziko katikati: kuogelea hotelini, kulala mchana, kufua nguo. Siku ile ya katikati karibu haikugharimu kitu, na ndiyo iliyotupa nguvu ya siku ya mwisho.

Kuhusu tarehe. Bustani nyingi kubwa sasa zinauza tiketi kwa bei inayobadilika kulingana na siku. Disneyland ya California na Walt Disney World ya Florida (ndimo ilimo Magic Kingdom) zilianza mtindo huo mwaka 2016 kwa tiketi za siku moja, na 2018 Walt Disney World ikauingiza kwenye tiketi za siku nyingi. Siku za katikati ya wiki, shule zikiwa zimefunguliwa, bei huwa chini na foleni huwa fupi, yaani unapata nafuu mara mbili. Ila angalieni ratiba ya shule za kule bustani iliko, si za kwenu. Sisi mara ya kwanza tulijiona wajanja kwenda watoto wetu wakiwa likizo na watu wengine wakiwa kazini, kumbe nchi tuliyokwenda nayo ilikuwa na wiki ya mapumziko ya shule. Dakika 70 zile mmezisoma hapo juu.

Malazi sitayasemea sana. Tafuteni chumba chenye jiko dogo na friji, kifungua kinywa mkile hapo. Na kabla ya kushangilia hoteli ya bei nafuu iliyo mbali, jumlisheni nauli au maegesho ya kila siku, maana bustani nyingi hutoza maegesho kila siku. Someni pia mpaka mstari wa mwisho wa malipo; baadhi ya hoteli huongeza ada ya kila siku ambayo haikuwemo kwenye bei ya kwanza uliyoiona.

La mwisho kwa upande wangu ni saa ya kuingia. Fikeni kabla lango halijafunguliwa. Mchezo una uwezo uleule wa kubeba watu kwa saa, iwe asubuhi au saa nane mchana. Kinachobadilika ni idadi ya waliokuja. Saa ya kwanza tulipanda michezo mitatu mikubwa. Saa sita mchana tukatoka kwenda kupumzika, tukarudi jioni jua limepoa na familia nyingi zenye watoto wadogo zimeshaondoka. Anayeingia saa tano asubuhi amelipa tiketi ileile.

Karibuni mniulize, mnikosoe, mwongeze.


Mama Wawili:

Mkuu nimeweka kambi hapa, siondoki. Hapo kwenye kiatu machozi yamenilenga, kwa sababu najiona kabisa. Mimi nina wawili, miaka 7 na 4, na mume wangu ameshaanza kutafuta tiketi za Florida. Hatujawapima. Leo wameshalala, kesho Mungu akipenda nitawasimamisha ukutani, nitarudi na namba.

Swali langu: mdogo akikataliwa, na mkubwa akakubaliwa, mnafanyaje? Mzazi mmoja anakosa kila kitu?


Pacha Mmoja:

Dada Mama Wawili, hilo lina dawa na halina malipo. Kwenye bustani za Disney linaitwa Rider Switch, kwa Universal, kampuni nyingine yenye bustani kubwa, ni Child Swap. Mnakwenda wote kwa mhudumu wa lango la mchezo, mnamwambia mna mtoto asiyeruhusiwa. Mzazi mmoja anapanda kwanza, mwingine anabaki na mdogo. Wa kwanza akishuka mnabadilishana, na wa pili haanzi foleni upya. Mara nyingi yule mkubwa wenu anaruhusiwa kupanda tena na mzazi wa pili, kwa hiyo yeye anapanda mara mbili. Ni lazima umwombe mhudumu KABLA ya kupanga foleni. Ukikaa kimya hakuna atakayekuambia.

Mimi nina pacha wa miaka 5, na mmoja amemzidi mwenzake sm 2. Msiulize hali ilivyo siku mmoja anapita na mwingine anabaki. Mwishowe tulikubaliana kwamba mchezo wowote unaomkataa mmoja, wote hatuupandi kabla ya saa nane mchana. Asubuhi ni ya michezo ya wote. Huo mpango ulituokoa kuliko punguzo lolote.

Naongeza la vitu vya kununua. Kila mchezo mkubwa unatokea dukani, njia imechorwa hivyo makusudi, mtoto anashuka moyo unamdunda anakutana na midoli. Sisi tulimpa kila mtoto bahasha yenye fedha zake tangu nyumbani, ameandika jina lake mwenyewe juu. Kila alichotaka nilimwambia "bahasha yako, amua." Siku ya kwanza hawakununua kitu hata kimoja. Walikuwa wanafungua bahasha, wanahesabu, wanafunga. Siku ya mwisho kila mmoja akachagua kimoja, na hicho kimoja bado wanakitunza.


Fundi Mahesabu:

Mleta uzi umefanya kazi nzuri, lakini kuna jambo umeliruka na ndilo linalokula fedha za wengi: vibali vya kuruka foleni.

Kwa wasiojua historia, Disney walianza na FastPass mwaka 1999, na ilikuwa bure kwa kila mwenye tiketi. Ilikufa Marekani mwaka 2021, ikaja huduma ya kulipia, Genie+. Julai 2024 jina likabadilika tena, sasa ni Lightning Lane. Kilichokuwa haki ya wote kimekuwa nyongeza ya kulipia, kwa kila kichwa, kwa kila siku. Familia ya watu watano ikinunua siku tatu, hiyo nyongeza peke yake inaweza kuwa sawa na tiketi nyingine.

Msimamo wangu ni huu: kama una siku moja tu, na ni siku ya watu wengi, nunua. Umesafiri mbali, siku moja, huwezi kuitumia kusimama. Kama una siku mbili au zaidi na unaamka mapema, usinunue.

Na wale wanaokwenda Universal ya Orlando, kuna hoteli tatu za kule, Portofino Bay, Hard Rock na Royal Pacific, ambazo ukilala unapewa Express Pass, kibali chao cha kuruka foleni, ya kila aliyemo chumbani kwa bustani mbili za zamani, Universal Studios Florida na Islands of Adventure. Inahesabiwa siku ya kuingia hotelini na siku ya kutoka. Yaani usiku 1 unakupa siku 2 za kuruka foleni. Hoteli zenyewe ni za bei juu, lakini fanya hesabu: watu watano mara siku mbili za kibali, linganisha na usiku mmoja wa chumba. Mara nyingi chumba kinashinda. Bustani mpya ya Epic Universe iliyofunguliwa Mei 2025 haimo kwenye mpango huo, msije mkanilaumu.


Baba wa Watatu:

Fundi, shukrani, nakubaliana nawe kwa mtu wa siku moja. Ila kwa watoto wadogo bado nashikilia langu. Vibali hivi vingi ni vya michezo mikubwa, na michezo mikubwa ndiyo yenye kipimo. Usimnunulie mtoto wa sm 95 kibali cha kuruka foleni ya mchezo asiouruhusiwa. Karatasi ya namba tatu inajibu swali hilo nalo: hesabu michezo ambayo kila mmoja ataipanda, ndipo uamue nani anahitaji kibali. Wakati mwingine ni mtu mmoja tu.

Pacha Mmoja, hiyo bahasha naichukua kama ilivyo.


Mjukuu wa Tatu:

Naomba kuuliza kwa niaba ya wenye wazazi wazee. Mama yangu ana miaka 71, magoti yanamsumbua, na anataka kwenda na wajukuu. Kuna mtu aliyewahi kwenda na mzee? Naogopa nitamlipia akakae kwenye benchi.


Shangazi wa Safari:

Mwanangu Mjukuu wa Tatu, mpeleke. Nilikwenda na marehemu mama akiwa na miaka 74.

Mambo mawili. Bustani kubwa karibu zote hukodisha viti vya magurudumu mlangoni, lakini huisha mapema. Fika asubuhi, au mkodi nje kwa siku zote mnazokaa, mara nyingi inatoka nafuu. Usingoje mpaka achoke. Mama alikataa asubuhi, akasema yeye si mgonjwa, tukamheshimu. Saa saba mchana hakuweza kusimama, na viti vilikuwa vimekwisha. Kesho yake alikaa kwenye kiti tangu langoni, mjukuu kapakatwa, na ndiye aliyekuwa akituharakisha.

La pili, usimkatie tiketi ya siku zote. Mama aliingia siku moja kati ya tatu. Siku nyingine, kule Walt Disney World, alipanda monoreli (treni ya reli moja) inayozunguka kati ya hoteli na Magic Kingdom. Ile haidai tiketi ya bustani. Alizunguka nayo akitazama ziwa na majumba, akashuka akanywa chai, akapanda tena. Aliniambia jioni kwamba siku hiyo ndiyo aliyoifurahia kuliko zote, na mimi nilikuwa nimeihesabu kama siku ya kumwacha.


Macho Kodo:

Wadau, nina la tahadhari. Msinunue tiketi kwa mtu anayesema amebakiza siku mbili kwenye tiketi yake. Bustani nyingi tiketi ni ya mtu mmoja, haihamishiki. Walt Disney World huunganisha tiketi na alama ya kidole pale langoni, kwa hiyo aliyeanza kuitumia ndiye anayemaliza. Nimeona kwa macho yangu, kwenye bustani nyingine ambayo sitaitaja, familia ya watu wanne imesimama pembeni ya lango na tiketi zao mkononi, watoto wamevaa masikio ya plastiki tayari, baba anapiga simu ambayo haipokelewi. Nunueni kwenye tovuti ya bustani yenyewe au kwa wakala ambaye bustani yenyewe imemtaja kwenye tovuti yake.

Jingine kwa wanaokwenda nchi ya fedha nyingine. Ukilipa kwa kadi, mashine inaweza kukuuliza ulipe kwa fedha ya kwenu au ya pale. Chagua ya pale. Ukichagua ya kwenu, mwenye mashine ndiye anayekupangia kiwango cha kubadilisha, na kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yako. Kila malipo ni kidogo, lakini kwa siku nane ni mlo wa familia nzima.


Maji ya Jioni:

Hamjagusa kula na kunywa. Bustani za Disney za Marekani zinaruhusu uingie na chakula chako na vinywaji visivyo na kilevi, mradi si kwenye chupa za kioo. Na kwenye migahawa yao ya haraka ukiomba kikombe cha maji ya barafu wanakupa bila malipo. Sio kila bustani iko hivyo. Nyingine zinakuruhusu chupa ya maji na vitafunwa vidogo tu, kwa hiyo soma masharti kabla ya kufungasha. Sisi mlo mmoja tunanunua ndani, tunakaa kwenye kivuli na kufurahi, mengine yote tunabeba. Mtoto mwenye njaa ananunuliwa chochote kilicho karibu, na kilicho karibu ndicho ghali.

Na wanaokwenda Florida miezi ya joto ya kule, katikati ya mwaka, mvua ya radi ya alasiri ni jambo la kawaida kule. Radi ikikaribia, michezo ya nje husimamishwa. Watu wengi huondoka. Msiondoke. Bebeni makoti mepesi ya mvua kutoka nyumbani (yanayouzwa ndani bei yake inaumiza), ingieni kwenye maonyesho ya ndani kama saa moja. Mvua ikikatika mnakuta foleni zimepungua sana, ardhi imepoa, na jioni inakuwa yenu.


Nipo Nasoma:

Na kwa tuliokuwa hatuna kabisa uwezo wa Disney? Kila uzi wa namna hii unaishia huko.


Baba wa Watatu:

Swali la haki kabisa. Ndugu Nipo Nasoma, zipo bustani ambazo huna haja ya kulipa kuingia. Bakken, nje kidogo ya Copenhagen, Denmark, inahesabiwa kuwa ya zamani kuliko zote duniani zinazofanya kazi, inajihesabu tangu mwaka 1583, na kuingia ni bure. Unalipia mchezo unaoupanda tu. Knoebels ya Pennsylvania nayo, tangu 1926, haitozi kuingia wala maegesho. Kwa familia yenye bibi asiyepanda kitu na mtoto anayepanda viwili, mtindo huo ni nafuu kubwa, kwa sababu hulipii wanaotazama. Na Holiday World ya Indiana tiketi unalipa, lakini soda, maegesho na mafuta ya kujikinga na jua vimo humohumo.

Hata kama hizo ziko mbali nawe, tafuta bustani ya karibu na ulipo kwa kipimo hichohicho: nalipa langoni au nalipa kwa mchezo? Kisha rudi kwenye urefu wa watoto. Mtoto wa miaka 4 hajui jina la kampuni. Anajua amepanda farasi wa mbao akazunguka mara sita na wewe umesimama pembeni yake umemshika kiuno.


Fundi Mahesabu:

Hapo nakuunga mkono. Mimi huwa nagawa mafungu 10: usafiri, malazi, tiketi, chakula, na fungu 1 lisiloguswa kwa ajili ya dharura. Kama tiketi peke yake zinavuka mafungu 4, nabadilisha bustani, sibadilishi fungu la dharura. Mtoto anaweza kuumwa sikio ugenini.


Mama Wawili:

Nimerudi wakuu. Nimewapima leo asubuhi, bila viatu, na kitabu kichwani kama ulivyosema. Mkubwa 119. Mdogo 94, nimempima mara tatu kwa sababu alikuwa anasimama kwa vidole.

Nimekaa na mume wangu tukafungua orodha ya Magic Kingdom na nyingine. Mkubwa anapanda karibu vyote. Mdogo, Barnstormer ya sm 89 ndiyo, ila Seven Dwarfs Mine Train na Slinky Dog Dash zote ni sm 97. Amepungukiwa sm 3 kwa zote mbili, na hizo ndizo anazoziimba kila siku.


Baba wa Watatu:

Mama Wawili, mtoto wa umri huo kwa kawaida huongezeka sm 5 mpaka 6 kwa mwaka, zaidi kidogo kwa wengine. Mnaweza kwenda sasa na Rider Switch, ana mengi ya kupanda yasiyo na kipimo: Dumbo, farasi wa kuzunguka, boti za "it's a small world". Au msogeze mbele miezi minane au tisa. Ila mkubwa wenu tiketi yake ni ya mtoto mpaka atimize 10, kwa hiyo mkisogeza hamwingii hasara upande huo.


Mama Wawili:

Tumesogeza. Mume wangu amefunga tovuti ya tiketi, na fedha tuliyokuwa tuitoe sasa tunaiacha iongezeke. Tumechora alama mbili nyuma ya mlango wa chumba chao: moja alipo mdogo leo, nyingine sm 98 ili apite bila wasiwasi. Amebandika picha ya treni kwenye ile ya juu. Tangu mchana ameshakwenda kujipima mara nne.